Mwongozo kamili: Andiko la utafiti la masta ya hisabati au kompyuta, na namna ya kumpata msimamizi ukiwa Mwanza

Kila dirisha la udahili wa shahada za juu linapofunguliwa, maandiko yanayonifikia kutoka Nyegezi, Buhongwa, Sengerema na Ukerewe huwa yanafanana. Vyeti viko sawa, GPA inatosha, mwombaji ana moyo wa kusoma, na bado anajibiwa kwamba andiko lake halikidhi, au hajibiwi kabisa. Ukifungua ukurasa wa kwanza unaiona sababu: ameandika mada, hajauliza swali. "Matumizi ya akili mnemba katika uvuvi" ni mada. Hakuna profesa anayeweza kusimamia mada.

Mwongozo huu unakutoa kwenye mada hadi kwenye andiko la kurasa tatu ambalo msimamizi anaweza kulijibu kwa ndiyo, hapana, au "rekebisha hapa". Umeandikwa kwa mtu aliyeko Mwanza au popote kando ya ziwa, mwenye shahada ya kwanza, pengine ni mwalimu wa hisabati au fundi wa mifumo ofisini, ambaye hana nafasi ya kwenda Dar es Salaam kila wiki kubisha hodi milango ya idara.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Transkripti na cheti cha shahada, vimeskaniwa kwa rangi, kila kimoja faili lake la PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako haifai; nenda steshenari. Kama shahada yako ni ya Uganda, Kenya au kwingine nje ya nchi, anza mapema kuomba itambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kwa kuwa chuo kitakudai uthibitisho huo.

Majina yanayolingana. Angalia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Jina la tatu likiwa limebadilika njiani, mwone wakili akutengenezee hati ya majina sasa, usisubiri siku ya mwisho.

GPA yako kwa tarakimu. Kwa vyuo vingi vya hapa nchini mlango unaanzia daraja la pili la chini, yaani 2.7 kati ya 5. Uliyesoma ualimu, hesabu pia kozi za hisabati au kompyuta ulizosoma, maana idara huangalia hizo kuliko jina la shahada. Kama ulisoma hisabati kidogo na ualimu mwingi, chagua programu inayosema wazi kwamba inapokea walimu.

Warejea wawili au watatu, yaani watu wa kukushuhudia, waliokufundisha na wanaokukumbuka. Waombe ruhusa kabla hujaandika majina yao kwenye fomu. Mwalimu anayeletewa ujumbe wa mfumo bila kuambiwa huuacha tu.

Kompyuta mpakato na LaTeX, programu ya kuchapa maandishi yenye milinganyo. Andiko la hisabati lililochapwa kwa Word, milinganyo ikiwa imepinda, humfanya msomaji akutilie shaka kabla hajafika kwenye hoja. Mwenye bando dogo atumie Overleaf, yaani LaTeX ya mtandaoni, kwenye kivinjari. Mwenye umeme na intaneti ya uhakika ofisini aweke TeX Live nzima, kifurushi chenye LaTeX, kwenye mashine, lakini ajue ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo apakue usiku.

Anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi. Ile ya "sharobaro" ya kidato cha tano iache ipumzike.

Daftari moja la karatasi, kwa ajili ya hatua tatu za mwanzo. Faili za kompyuta zinafutika kirahisi mno, na utahitaji kuona ulichokikataa na sababu ya kukikataa.

## Hatua ya 1: Jua programu yako inadai nini

Usianze kuandika kabla ya hapa, kwa sababu programu zinatofautiana na watu hupoteza wiki nyingi kuandaa kisichotakiwa.

Masta ya hapa nchini ni ya aina mbili. Ya kwanza ina kozi za darasani, kisha tasnifu. Ya pili ni ya utafiti mtupu. Kwenye ya kwanza, mara nyingi unaingia bila msimamizi na andiko lako hupimwa kijuujuu. Kwenye ya pili, andiko na msimamizi ndiyo maombi yenyewe. Bila hivyo fomu yako haina uzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ni sehemu za kuanzia kuangalia. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mwanza, jambo lenye maana kwa mtu asiyeweza kuacha kazi. Ng'ambo ya ziwa kuna Makerere.

Kuna pia njia za udhamini ambazo waombaji wa Kanda ya Ziwa huzisahau. AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003, ina vituo Rwanda, Ghana, Senegal na Kamerun, na hutoa udhamini wa masta. Kigali ni karibu nasi kuliko Dar es Salaam. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, ina stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea. Si masta, lakini ni daraja zuri la kuelekea uzamivu kwa mtu ambaye hisabati yake ya nadharia ilibaki na mapengo. Programu za namna hii hupima zaidi alama, warejea na maelezo binafsi kuliko andiko la utafiti.

Hatua imekamilika ukiwa umeandika daftarini, kwa kila programu: aina yake, tarehe ya kufunga, idadi ya kurasa za andiko, na kama barua ya msimamizi inahitajika. Zisizidi tatu. Anayeomba nane huandika andiko moja la jumla linaloelea kote na halitui popote.

## Hatua ya 2: Geuza mada kuwa swali

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo tutakaa hapa muda mrefu.

Swali la masta lina sehemu tatu: kitu unachokichunguza, mbinu utakayoitumia, na kipimo kitakachokuonyesha kwamba umepata jibu. Sehemu ya tatu ndiyo inayokosekana karibu kila mara. Jipime hivi: andika jibu la "ndiyo" na jibu la "hapana" la swali lako. Kama huwezi kuandika jibu la "hapana" lenye maana, bado una mada.

Tuchukue mfano wa hapahapa: dagaa wa Ziwa Victoria, *Rastrineobola argentea*, na bei yake Mwaloni Kirumba.

Mada: "Kutumia ujifunzaji wa mashine kutabiri bei za samaki." Pana mno. Samaki gani? Bei ya wapi? Utabiri wa kesho au wa mwakani? Ukilinganishwa na nini?

Sasa mwulize mtu anayeuza dagaa, si mtu wa kompyuta. Atakwambia jambo ambalo hutalikuta kwenye seti ya data ya mtandaoni: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika. Giza likirudi, mzigo unarudi. Bei ina duru inayofuata mwezi wa angani, na mwezi wa angani una siku 29.53, haulingani na kalenda ya ukutani. Modeli iliyopewa tu "Januari, Februari, Machi" haiwezi kuiona duru hiyo.

Hapo swali la kompyuta limezaliwa: *Je, kuipa modeli ya utabiri umri wa mwezi wa angani (siku zilizopita tangu uandame) kunapunguza kosa la utabiri wa bei ya dagaa wakavu siku saba mbele, ukilinganisha na modeli ileile isiyo na mwezi?* Kitu kipo, mbinu ipo, kipimo kipo. Jibu la "hapana" nalo lina maana: pengine wafanyabiashara huhifadhi mzigo wa kutosha kulimeza pengo la mbalamwezi. Hilo pia ni tokeo la kuandika kwenye tasnifu.

Mtu wa hisabati afuate njia nyingine kutoka mahali hapohapo. Modeli ya kwanza inayokuja akilini ni ya ukuaji wenye kikomo pamoja na uvuvi unaobadilika kwa duru:

dN/dt = rN(1 − N/K) − qE(t)N

N ni wingi wa dagaa, r ni kasi ya kuzaliana, K ni ukomo wa ziwa, q ni wepesi wa kunaswa, na E(t) ni juhudi ya uvuvi inayopanda gizani na kushuka mbalamwezini. Wengi huishia hapa na kusema "nitachunguza kama dagaa watatoweka". Tatizo ni kwamba kwa modeli hii jibu linajulikana: dagaa hudumu ikiwa wastani wa qE(t) katika duru moja ni mdogo kuliko r, na hutoweka usipokuwa hivyo. Mpangilio wa siku za kuvua haubadilishi kizingiti. Wastani tu ndio unaohesabika. Profesa ataona hilo kwa kutazama mstari mmoja.

Kwa hiyo songa hatua moja mbele. Dagaa mchanga hazai siku anapoanguliwa, kuna ucheleweshaji. *Ukiingiza ucheleweshaji wa kukomaa, je, kizingiti cha kutoweka bado kinategemea wastani wa uvuvi peke yake, au mpangilio wa siku za mapumziko nao unahesabika?* Hilo ni swali la nadharia safi, lina jibu la ndiyo au hapana, na linamgusa hata ofisa uvuvi anayepanga siku za kufunga ziwa.

Linganisha ukubwa wa maswali haya mawili na ile mada ya mwanzo. Ni madogo. Mwombaji huogopa udogo, anadhani atadharauliwa, ilhali msimamizi anatafuta kitu kitakachokwisha ndani ya muda wa programu. Kuokoa uchumi wa buluu mwachie waziri.

Tahadhari: usichague mbinu kwanza kisha ukaitafutia kazi. "Nataka kutumia mitandao ya neva ya kina" si sababu. Kama bei unazo za mwaka mmoja tu, hizo ni duru kumi na mbili za mwezi na kidogo. Modeli yenye vigezo maelfu itazikariri badala ya kujifunza. Hapo modeli ya mstari yenye sini na kosini za duru ya siku 29.53 inaweza kukutosha kabisa.

## Hatua ya 3: Hakikisha swali halijajibiwa

Tumia Google Scholar kwa kuanzia. Kwa kompyuta ongeza DBLP, orodha ya makala za fani hiyo. Kwa hisabati ongeza zbMATH Open, hifadhidata ya makala za hisabati ambayo tangu mwaka 2021 ni bure, na arXiv, hazina ya makala ambayo haijawahi kudai pesa tangu 1991. Makala iliyofungwa kwa malipo mara nyingi ina nakala ya bure ya mwandishi kwenye arXiv au kwenye hazina ya chuo chake. Bonyeza "matoleo yote" chini ya jina la makala kwenye Google Scholar.

Tafuta makala tatu zilizo karibu kabisa na swali lako. Kwa kila moja rudi nyuma, uone zilizorejewa ndani yake; kisha nenda mbele, uone zilizoirejea. Ukifika mahali majina yanaanza kujirudia, umeufikia ukingo wa eneo lako.

Chora jedwali daftarini: nani, mwaka gani, kitu gani, mbinu gani, wameacha nini. Makala kumi zilizosomwa hivi zinazidi hamsini zilizobandikwa kwenye orodha. Safu ya mwisho ndiyo mtaji wako.

Tahadhari kubwa: programu za mazungumzo za akili mnemba hutunga marejeo. Jina la mwandishi linakuwa la kweli, jarida la kweli, mwaka unaokubalika, na makala yenyewe haipo duniani. Rejeo lolote usilolifungua kwa macho yako lisiingie kwenye andiko. Msimamizi akikutana na rejeo moja la uongo ataacha kusoma, na nadhani ana haki.

Jihadhari pia na majarida yanayochapisha chochote kwa ada. Dalili: wanakuandikia wao kukuomba makala, wanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, na eneo lao ni kila kitu, kuanzia uuguzi hadi uhandisi.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Fulani alionyesha hivi, fulani akaonyesha vile, lakini hakuna kati yao aliyegusa hiki."

## Hatua ya 4: Fanya jaribio dogo

Hatua hii kwa kawaida haidaiwi na chuo, na ndiyo inayomtenga mwombaji na wenzake. Msimamizi akiona umeshajaribu, hasomi tena ahadi, anasoma kazi.

Kwa mtu wa kompyuta: chukua bei kwa wiki chache. Ukienda Mwaloni, andika kwa kila bei: tarehe, saa, kipimo, na aina. Usilipuuze hili la kipimo. Debe, ndoo na gunia haviko sawa kwa kila muuzaji, na kuna lumbesa. Beba mizani au omba kupimiwa, kisha geuza vyote kuwa shilingi kwa kilo. Aina nayo ina bei yake: dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja na aliyeanikwa mchangani ni bidhaa mbili, na wa mchangani mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Ukiwachanganya, modeli yako itatabiri mchanga.

Andika na mvua. Siku za mvua dagaa hawakauki vizuri, bei inasogea bila mwezi kuhusika. Kumbuka pia kwamba Ramadhani na Idi hufuata mwezi huohuo; ongezeko la wanunuzi siku hizo linaweza kukudanganya kuwa ni athari ya mbalamwezi. Ukiyataja haya mawili ndani ya andiko, msimamizi ataona unalijua soko.

Kisha linganisha watabiri wawili tu: "bei ya wiki ijayo ni sawa na ya leo", na modeli yako. Usichanganye siku ovyo unapogawa data. Fundisha kwa siku za mwanzo, jaribu kwa siku za mwisho, vinginevyo unaitabiri jana kwa kutumia kesho. Data ya wiki chache haithibitishi chochote, na usidai kwamba inathibitisha. Inaonyesha kwamba kazi inawezekana.

Kwa mtu wa hisabati: thibitisha kisa rahisi kwa mkono wako. Kwa uvuvi usiobadilika, onyesha kwamba msawazo, yaani wingi usiobadilika tena, ni N* = K(1 − qE/r) na kwamba ni thabiti qE ikiwa chini ya r. Halafu tumia Python au GNU Octave, programu za kukokotoa, zote za bure, uchore grafu mbili zenye wastani uleule wa uvuvi: moja inavua kila siku, nyingine ina mapumziko ya mbalamwezi. Ongeza ucheleweshaji, chora tena. Grafu hizo zikianza kutofautiana katika namna dagaa wanavyodumu, una dokezo. Zisipotofautiana, una dhana ya kuthibitisha. Huna hasara.

Tahadhari ya ruhusa. Bei ya dagaa si siri ya mtu, lakini ukirekodi majina, namba za simu au sauti za wauzaji umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukienda kwenye afya, kwa mfano kichocho Ukerewe, data za wagonjwa zinahitaji kibali cha maadili, na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) ndiyo mlango wa kitaifa. Kibali huchukua muda. Kanuni yangu kwa wanaoniuliza ni kali: data ambayo bado iko mikononi mwa taasisi nyingine, na huna barua yao, usiijengee andiko. Maneno ya "ofisa mmoja ameniahidi" hayahesabiki.

## Hatua ya 5: Andika kurasa tatu

Lugha ya andiko kwa vyuo nilivyovitaja ni Kiingereza. Fikiri na upange kwa Kiswahili kama ndivyo unavyofikiri vizuri, kisha andika.

Kichwa: kiwe swali lako bila alama ya kuuliza. Maneno yasizidi kumi na tano.

Tatizo, aya mbili. Hapa wengi huanza na "Tanzania ni nchi inayoendelea". Futa. Linganisha mianzo hii miwili:

*"Utafiti huu unalenga kutumia teknolojia ya kisasa ya akili mnemba kuboresha sekta ya uvuvi Kanda ya Ziwa ili kukuza uchumi wa wananchi."*

*"Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na uvuvi hupungua mwezi unapokuwa mpevu. Modeli za bei zinazotumia miezi ya kalenda haziwezi kuiona duru hii ya siku 29.53. Hapa tunapima kama kuiingiza kunapunguza kosa la utabiri wa siku saba mbele."*

Wa kwanza unaweza kubandikwa kwenye andiko la mtu yeyote. Wa pili ni wako peke yako.

Swali na malengo. Swali moja kuu, malengo mawili au matatu. Kila lengo lianze na kitenzi kinachopimika: kupima, kuthibitisha, kulinganisha, kujenga. "Kuelewa" na "kuchangia" hazipimiki.

Yaliyokwisha kufanywa, nusu ukurasa, kutoka kwenye jedwali lako. Usiorodheshe "fulani alisema, fulani alisema". Panga kwa hoja, umalizie na pengo.

Mbinu, ukurasa mzima, sehemu ndefu kuliko zote. Mtu wa hisabati aandike modeli, dhana zake, na zana za uthibitisho anazotarajia kuzitumia. Mtu wa kompyuta aandike data, modeli, kipimo cha kosa na modeli ya kulinganisha nayo. Jaribio lako dogo liingie hapa, na grafu moja tu.

Ratiba, jedwali dogo la miezi. Acha nafasi mwishoni. Uandishi wa tasnifu hula muda kuliko hesabu.

Marejeo, kumi hadi kumi na tano, yote uliyoyafungua.

Likiisha, wape watu wawili walisome: mmoja wa fani yako, mwingine asiye wa fani kabisa. Yule wa pili akiweza kukwambia unauliza nini baada ya ukurasa wa kwanza, andiko limekaa sawa. Akikwambia "linahusu uvuvi", rudi hatua ya pili.

## Hatua ya 6: Mwandikie msimamizi

Ingia kwenye tovuti ya idara, soma majina, kisha tafuta makala zao za miaka mitatu iliyopita. Ukurasa wa idara mara nyingi umechakaa. Mtu aliyeandikwa "modeli za magonjwa" huenda sasa anafanya usalama wa mitandao. Makala ndizo zinazosema ukweli wa leo.

Chagua mmoja kwa kila idara. Ukiwaandikia watano wa idara moja siku moja watajua, kwa sababu wanakunywa chai pamoja.

Barua iwe fupi isomeke kwenye simu bila kusogeza sana. Muundo wake, ambao utauandika kwa Kiingereza:

> Profesa (jina la ukoo),
>
> Mimi ni mwalimu wa hisabati Mwanza, mwenye shahada ya sayansi na ualimu, GPA 3.8. Naomba kujiunga na masta ya utafiti katika idara yenu mwaka huu wa masomo.
>
> Nimesoma makala yenu kuhusu modeli zenye ucheleweshaji. Mmeonyesha kwamba msawazo hubaki thabiti uvuvi usipobadilika. Nauliza nini kinatokea uvuvi unapofuata duru ya mwezi, kama ilivyo kwa dagaa wa Ziwa Victoria. Nimeshajaribu kisa rahisi kwa kompyuta. Grafu iko ukurasa wa pili wa andiko nililoambatisha.
>
> Je, mna nafasi ya mwanafunzi mpya, na swali hili liko ndani ya eneo lenu?
>
> Wenu,
> (Jina kamili, namba ya simu)

Ona kwamba maswali ya mwisho yanajibika kwa sentensi moja. "Naomba msaada wenu" haijibiki. Ambatisha andiko na transkripti, basi. Vyeti vya kidato cha nne havihusiki hapa.

Usipojibiwa, subiri wiki mbili, ujibu barua yako ileile kwa mistari miwili. Zikipita wiki mbili nyingine, nenda kwa jina linalofuata. Kimya cha profesa mara nyingi ni mitihani ya kusahihisha, si chuki. Namba yake ya WhatsApp ukipewa na mtu, usiitumie kabla hajakuruhusu, na usipige saa mbili usiku. Siku mkionana uso kwa uso, shikamoo ina nafasi yake palepale, hata kama barua zilikuwa za Kiingereza.

Akikujibu "badilisha swali", hiyo ni habari njema: amekusoma. Badilisha analosema, urudishe ndani ya wiki moja. Akikwambia uache yote ufanye mradi wake, uliza mambo matatu kabla ya kukubali: data ipo tayari, nani mwingine anaifanyia kazi, na je, kuna fedha. Mradi wa mtu wenye data tayari unaweza kuwa bora kuliko swali lako zuri lisilo na data.

## Hatua ya 7: Wasilisha

Jaza fomu siku saba kabla ya kufunga. Siku ya mwisho mfumo huelemewa, na namba ya malipo inaweza kuchelewa kutoka. Majina ya mafaili yawe ya kueleweka: jina lako la ukoo, kisha aina ya hati. Lipia, hifadhi risiti, piga picha ya skrini inayoonyesha maombi yamepokelewa. Siku inayofuata ingia tena uone kama warejea wamejaza sehemu yao. Ambaye bado, mpigie kwa heshima.

## Majibu yanayorudi, na maana yake

"Pana mno." Ondoa vitu, usiongeze maelezo. Samaki mmoja, soko moja, kipimo kimoja.

"Mchango mpya uko wapi?" Sehemu yako ya yaliyofanywa haina sentensi ya "hakuna aliyegusa hiki". Rudi kwenye jedwali.

"Si hisabati ya kutosha." Umetumia modeli bila kuuliza chochote kuihusu. Ongeza nadharia moja unayotarajia kuithibitisha, au peleka andiko idara ya takwimu au kompyuta, ambako kazi ileile inaweza kupokelewa vizuri.

"Hatuna msimamizi wa eneo hili." Andiko halina kosa, limefika mlango usio wake. Uliza wangekushauri nani katika chuo kingine. Wahadhiri wa hisabati wa Afrika Mashariki wanajuana.

Umekubaliwa. Kama ni mtumishi wa umma, usianze kufunga mizigo. Peleka kwa mwajiri barua ya kuomba ruhusa ya masomo ukiambatisha barua ya udahili, ipitie kwa mkuu wako wa kazi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Ruhusa hiyo ikichelewa kuliko tarehe ya kuripoti, andikia chuo mapema uombe kuahirisha udahili, na umjulishe msimamizi siku hiyohiyo, kabla hajampa nafasi yako mwanafunzi mwingine.